Chuma cha Mjomba Mwero

Mume wangu Chirau alirithi pikipiki. Nasema alirithi kwa kuwa ndivyo wazee walivyosema, nami ni mwanamke wa heshima zangu, sina kinywa cha kuwabisha wazee. Kwa macho yangu mie alichorithi kilikuwa choo cha kuku chenye magurudumu mawili.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee Mwero wa Galu, mjomba wake Chirau, ndugu ya mama yake tumbo moja, alikuwa mpishi katika kambi ya jeshi kule Mackinnon Road. Kambi ilipofungwa kila mtu aliondoka na chake: huyu mabati, yule sufuria, mwingine hema. Mzee Mwero, kwa akili alizojaliwa na Mola, akaondoka na pikipiki ya Mtaliano iliyotekwa Uhabeshi wakati wa vita. Akaipanda hadi Galu, akapiga honi mlangoni pake watu watoke wamwone, ikazima. Haikuwaka tena. Akaiegemeza nyuma ya nyumba, chumvi ya bahari ikaanza kuitafuna, kuku wakalala juu yake, na mzee akaendelea kuwaambia watu kwamba yeye ana pikipiki mpaka siku aliyofariki, Mungu amrehemu.

Matanga yalipokwisha, wazee wakakaa kugawa mirathi. Sasa kwetu sisi Wadigo mirathi ina milango miwili. Kuna mila ya mababu: mtu akifa, mali yake yaenda kwa mpwawe, mtoto wa dada yake, kwa kuwa damu ya kweli ni ya upande wa mama. Na kuna sharia ya dini: mali yaenda kwa wanawe na mkewe. Watu wamegombana juu ya milango hiyo tangu bibi yangu hajaolewa, na kila mmoja hupita ule ulio karibu na chungu.

Sefu, mtoto wa marehemu, akasimama na kofia yake mpya. "Minazi ya baba ni mambo ya sharia," akasema. "Mimi ni mwanawe. Hatuwezi kumkosea Mola kwa ajili ya mambo ya kale." Wazee wakaitikia. Shamba la mihogo? Sharia. Nyumba? Sharia tupu. Halafu mtu mmoja akauliza, na kile chuma kule nyuma je? Sefu akageuka akakitazama kile chuma, akakohoa, na mara akawakumbuka mababu.

"Hapo jamani tusiitupe mila moja kwa moja," akasema kwa sauti ya huruma. "Mpwa naye ana haki yake kwa mjombawe. Pikipiki aichukue ndugu yangu Chirau."

Machozi yalimlengalenga, wallahi. Wazee wakamsifu kwa ukarimu wake. Mwenzenu nilijua Chirau atakataa, maana hata mjinga hukataa kufagiliwa taka za mwenzake mlangoni pake. Chirau akainuka na fimbo yake, akamkumbatia Sefu kwa nguvu.

Niwaambieni Chirau alikuwa nani, msije mkanidhani nilimdharau tangu mwanzo. Alikuwa mkwezi. Kuanzia Diani hadi Galu hapakuwa na mtu wa kumpata kwa kukwea minazi. Siku moja ya mvua akateleza, na tangu hapo goti lake la kulia halikukunjika tena sawasawa. Akawa wa kukaa barazani na fimbo. Mimi nikawa nachoma vitumbua, tunauza, tunakula vitumbua. Wanaume wenzake, kwa mapenzi yao mengi, wakampa jina: Bwana Vitumbua. Alikuwa akicheka nao. Akiingia ndani hali, hasemi, ameugeukia ukuta. Mimi sikutaka makuu. Nilitaka mume wangu atoke asubuhi aende kazini kama wanaume wengine, arudi amechoka, anigombeze kwamba chumvi imezidi. Hilo tu, na nililitaka mpaka roho inaniuma.

Badala yake akaniletea kutu. Waliileta kwa mkokoteni, wanaume wanne wakihema, wakaiingiza ukumbini mwangu, pale nilipokuwa nikitandika mkeka wa wageni.

"Mama Chiku," akaniambia, maana binti yetu wa pekee anaitwa Chiku, ndio kwanza alikuwa anajifunza kusema, "hii nitaifufua."

"Wafu hufufuliwa siku ya Kiyama, Baba Chiku. Ngojea kidogo."

"Nitabeba samaki wa hapa Diani niwafikishe soko la Kombani kabla jua halijakaza. Kule samaki hufika wamechoka. Wa kwangu watafika wakiwa na macho."

"Na wewe utafika ukiwa na nini?"

"Nilikuwa karakana ya jeshi, umesahau?"

Sikusahau. Alikuwa karakana kweli, na kazi yake ilikuwa kumshikia fundi taa. Basi kumbe mtu akishika taa sana huwa fundi. Mimi nimeshika msahafu tangu utoto, sijui kwa nini hawajanifanya kadhi.

Akaanza. Kutu ile ilikuwa imekamata kila msumari, na spana alizokuwa nazo ni za kuazima kwa mtengeneza baiskeli, hazikuoana na kitu chochote cha Mtaliano. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani, haiendi mbele wala nyuma. Akasema dawa yake ni mafuta ya nazi ya moto, yamiminwe kidogo kidogo, yaachwe yapenye. Mafuta ya nani? Yangu mie, ya nywele. Nikawa natembea na kichwa kikavu huku chuma cha marehemu kinanukia kama bi harusi.

Halafu tangi. Ndani lilikuwa limejaa kutu tele, ukilitikisa linavuruma. Akachemsha ukwaju, akatia ndani na vijiwe vya pwani, akakaa kulitikisa asubuhi hadi adhuhuri, akamwaga uchafu mweusi, akatia ukwaju mwingine. Jirani akija kuniuliza kwa nini mchuzi wetu hauna ladha, namwambia ukwaju ameula mgeni.

"Si ungesema tu kwamba unataka kuoa mke wa pili," nilimwambia siku moja. "Huyo angekula kidogo kuliko huyu."

"Huyu hasemi sana," akajibu bila kuinua kichwa.

Ala! Nilitaka kukasirika, lakini nilikuwa sijasikia mzaha kutoka kinywani mwake tangu aanguke, nikaenda jikoni nikacheka peke yangu.

Rangi ilisuguliwa kwa majani ya msasa. Makubazi yangu ya ngozi, ya kuendea harusini, yalikatwa yakawa kiziba mafuta baina ya vyuma viwili. Nilipoyatafuta niliambiwa nisiwe na wasiwasi, bado yako humu nyumbani. Kiti kikashindiliwa usumba wa nazi. Matairi, kwa haki yake, alijitahidi: yalinunuliwa Mombasa, makuukuu, kwa kuuza saa yake ya jeshi. Ubavuni mwa pikipiki palikuwa na gurudumu la tatu, la chuma tupu, linazunguka nje nje bila kufunikwa. Nikamuuliza hilo ni la nini. Akanieleza. Nikamwambia asante. Sikuelewa hata neno moja, ila nilikuwa nimeuona uso wake akieleza, nikamwomba anieleze tena.

Wale wapenzi wake wa barazani walipita kila siku kumpa pole. Mmoja akamuuliza kama atapakia vitumbua. Mwingine akasema akiiwasha, yeye atakula kofia yake. Nimemkumbusha mara nyingi, mpaka leo hajaila.

Siku ilipowaka ilikuwa ni baada ya swala ya alasiri. Chirau alikuwa ameiburura hadi uani, anapiga kiki kwa mguu wa kulia, ule mbovu, maana Mtaliano hakuulizia goti la mtu alipounda. Anapiga, inakohoa. Anapiga, jasho linamtoka, anauma meno. Nikatoka nimwambie basi, mwanaume, utajivunja na la pili. Kabla sijafungua kinywa ikapiga: du! Kimya. Du! Kisha du-du-du-du, polepole, nzito, udongo unatetemeka chini ya miguu yangu, moshi wa buluu umejaa hadi jikoni, kuku wa mtaa mzima wamo mitini. Ikazunguka, haizimi. Chirau akageuka kunitazama, uso mweusi kwa masizi, meno yote nje.

Nililia. Nasema wazi, nililia kama mtoto, na moshi nikausingizia.

Basi Chirau akawa mtu wa kazi. Alfajiri anakwenda pwani, anachukua samaki, matenga mawili nyuma, moja kulia moja kushoto, mguu mbovu ameunyoosha pembeni, huyo, Ukunda, Tiwi, hadi Kombani. Wachuuzi wa kule wakawa hawanunui wa mtu mwingine mpaka waisikie ile ngurumo. Akirudi amechoka, ananuka samaki na petroli pamoja, harufu ambayo siwezi kuisifia kwa dhati. Akaonja mchuzi akasema chumvi imezidi. Nikaenda nje nikamshukuru Mungu. Na wale wa barazani, maskini, walisahau kabisa jina la Bwana Vitumbua; sasa ilikuwa Bwana Chirau, tafadhali, unipakie hadi Ukunda, mwenzio nina haraka.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini kuna watu wao huona vinavyoelea tu.

Sefu alikuja kutembea. Hakuwahi kuja Chirau alipokuwa kitandani na goti limevimba, alikuwa na shughuli. Siku hiyo alikuwa na nafasi. Alikunywa kahawa, akaizunguka pikipiki, akaipapasa tangi, akauliza yaenda kasi gani. Akatoka huku anaigeukia. Siku zilizofuata nikasikia kwamba imani imemrudia kwa nguvu za ajabu, hakosi msikitini, na kila baada ya swala anawauliza watu: je, ni halali mali ya baba kukaliwa na mtu mwingine ilhali mtoto yu hai?

Akapeleka mashtaka kwa Mzee Boga, mkubwa wa wazee, yule yule aliyesimamia mirathi. Tukaitwa. Wanaume walikaa barazani kwake, sisi wanawake tukakaa ndani, kiambaza cha makuti katikati, tunasikia kila kitu na kuona zaidi ya tunavyodhaniwa. Nilikuwa nimempakata Chiku.

Pale barazani nikamwona Shutu naye. Huyu ni mtoto wa dada yake Chirau. Msihangaike kumkumbuka, sikumtaja, kwa kuwa hata yeye alikuwa hatukumbuki sisi. Siku hiyo alikuja mapema, akamletea mjomba wake kiti, akamsaidia kukaa, akamuuliza goti lasemaje. Nikajiambia, he, Biasha, leo kuna jambo.

Sefu akaeleza kilio chake. Chirau akajibu kwa ufupi: alipewa mbele ya wazee, kwa mila, na waliokuwapo wapo. Wazee wakaanza. Huyu akataja aya, yule akataja babu, sauti zikapanda, hata mmoja akavua kofia kwa hasira. Mzee Boga aliwaacha wachoke. Kisha akasema.

"Mimi nimezeeka na nimechoka nanyi. Kila mtu ana dini asubuhi na mila jioni. Hiki chuma kilipokuwa kibovu kilikuwa cha mila, leo kinanguruma kimesilimu. Sitaamua mambo ya pikipiki. Nawauliza nyinyi wawili, kila mmoja aseme mlango wake. Na atakaousema leo mbele ya hawa mashahidi, ndio atakaopitishwa yeye mwenyewe siku atakapokufa. Hapana kubadilisha. Mshika mawili moja humponyoka. Haya, Sefu."

"Sharia," akasema Sefu kabla mzee hajafunga kinywa. Ilimgharimu nini? Alikuwa na wana watatu na kila kitu alichonacho alikipata kwa mlango huo.

"Chirau, nawe nisikilize vizuri. Ukisema mila, pikipiki ni yako, hakuna wa kukugusa. Lakini ukifa, nyumba yako na chochote utakachokiacha ni cha mpwa wako huyu, Shutu. Ukisema sharia, mpe Sefu chuma cha babake. Na siku yako ikifika, binti yako ana fungu lake na mkeo ana lake."

Sasa nikajua kile kiti kililetwa kwa nini. Nyumba yetu Chirau aliijenga mwenyewe, wakati goti lake lingali zima: alikata boriti mwenyewe, akasomba mawe ya pwani kwa kichwa, akakandika udongo, akaezeka. Fungu la Chiku kwa sharia lilikuwa nusu yake. Nusu ya nyumba ni paa juu ya kichwa cha mtoto. Kwa mila fungu lake lilikuwa mlango wa kutokea.

"Mjomba!" Shutu akasema, na yeye machozi yanamlengalenga, ukoo huu una machozi ya karibu sana. "Mjomba, simama na mila ya wazee wetu! Usikubali kudhulumiwa!"

Nikawatazama wote kupitia kwenye makuti na nikamtazama Chirau. Niseme kweli? Nilijua atasema mila. Mtu aliyetikisa tangi mpaka viganja vikachubuka, aliyeuza saa yake, aliyekipigia chuma kiki kwa mguu uliovunjika, atakitoa vipi? Na kufa ni jambo la mbali, kila mwanaume hudhani ni la jirani. Mimi mwenyewe sikujua naomba lipi. Nilitaka aseme mila, kesho atoke na matenga yake. Nilitaka aseme sharia, mwanangu asije akafukuzwa na Shutu kama kuku. Moyo wangu ulikuwa unapasuka vipande viwili na siruhusiwi kusema, mie, niliyekuwa nikisema kutwa.

Chirau alikuwa anakwangua mafuta meusi chini ya ukucha wake. Alikwangua kidole kimoja mpaka kikatakata.

"Sharia," akasema.

Sefu akapiga takbiri kwa sauti ambayo mwadhini wetu hajawahi kuifikia. Shutu akakumbuka ghafla kwamba ana safari, akaaga.

Hapo ungedhani yamekwisha. La. Chirau akamchukua Sefu uani kwetu, akaanza kumfundisha. Petroli fungua hivi. Ikiwa ya baridi, funga hewa kidogo, ikikohoa ifungue. Usiikamue, iende kwa nafasi yake. Kilima cha Tiwi shuka kwa gia, breki ya mbele usiiamini. Kila siri, moja moja, kwa upole, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mgonjwa. Mimi nimesimama mlangoni, damu inachemka.

"Ungemficha hata moja!" nikamwambia alipokuja kuchukua kitambaa. "Moja tu, aanguke mtaroni!"

"Pikipiki haina kosa, Mama Chiku."

Sefu akaizima mara kadhaa, akatoka jasho, akatazamwa na mtaa mzima, hilo Mungu alinitunukia. Mwishowe ikakubali. Akaondoka anayumba, ngurumo ikashika njia ya Galu, ikapungua, hatukuisikia tena.

Chiku akaanza kulia. Alikimbia hadi njiani akipiga kelele, "Yangu! Yangu!" Akajitupa mchangani. Chirau akamfuata kwa fimbo yake, akainama kwa shida na lile goti, akamnyanyua. Akamleta hadi ukutani mwa nyumba, akaushika mkono wake mdogo akauweka kwenye udongo.

"Ile haikuwa yako, mwanangu," akamwambia. "Yako ni hii."

Mtoto hakuelewa, akaendelea kulia. Mimi nilielewa, nikaingia ndani.

Alfajiri nilimsikia anapapasa pembeni mwa mlango akitafuta fimbo. Tenga moja tayari alikuwa nalo begani.

"Waenda wapi?" nikamuuliza.

"Kombani."

"Kwa goti hilo?"

"Basi nitafika Tiwi."

Akatoka. Nilikaa mbele ya jiko nikitafuta neno la kumkejeli, mimi ambaye sijawahi kukosa, na vitumbua vikaungua.